Mkwe Wangu Anatembea Mbele

Alhamisi, 5 Juni

Presha imepanda tena. Nesi wa zahanati ya Kisinga amenifunga ule mkanda mkononi mara mbili, akaguna, akaniambia nitembee. Nikamwambia mbona natembea kila siku, kutoka kibanda changu cha vitenge mpaka Mpondwe, mpakani na Kongo, na kurudi. Akasema huko siyo kutembea, huko ni kukimbizana na wateja. Eti nitafute mahali pasipo na wateja, na kila nikitembea niandike nilivyojisikia. Haya, nimenunua daftari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kaka yangu Baluku anapenda kusoma vya watu, na Kiswahili chake kinaishia kwenye kuuliza bei.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetembea mpaka kanisani na kurudi. Nimejisikia njaa.

Jumanne, 10 Juni

Soko lilijaa. Mariat, anayeuza viatu kibanda cha pili kutoka changu, amekuja na habari. Mbuga inafundisha viongozi wapya wa kutembeza wageni kwa miguu, na inatafuta watu wa huku wa kufanyia mazoezi. Kila Alhamisi, kando ya ziwa, bure. Wataanza karibu karibu, wataenda mbali kidogo kila wiki, na siku ya mtihani wao watafika Abakali.

Abakali ni wanawake kwa Lhukonzo, lugha yetu. Ni mawe matatu marefu yamesimama ukingoni mwa ziwa, na kila moja lina jiwe jingine kichwani kama mzigo. Marehemu mama yangu alikuwa akisema ni wanawake waliotoka Katwe na chumvi wakasimama kupumzika, stori ikawanogea. Mimi nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kuyaona. Wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona, na mimi niliyezaliwa hapa ng'ambo ya barabara naijua mbuga kwa kupita tu, ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Nimemwambia Mariat aandike jina langu. Nataka kuyaona mawe hayo kabla mvua haijaanza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi, miguu imevimba, na sijui nicheke ama nilie.

Abubaker, mume wa Mariat, alitupeleka asubuhi na pikapu yake, sisi wanawake wa soko tumejaa nyuma tunaimba. Getini tulimkuta Afande Drani, askari wa mbuga, mtu wa Arua huko kaskazini, mrefu, bunduki begani. Yeye ndiye mwalimu wa viongozi na ndiye atakayewapa mtihani. "Mistari mbili!" akasema. "Kila mustari na kiongozi yake. Hakuna kubadilisha mpaka mwisho." Mstari wa kwanza ukapewa msichana anaitwa Phionah. Wa pili, wetu, ukapewa kijana aliyetokea nyuma ya gari ya mbuga akifunga kamba za viatu. Akainua kichwa.

Jonan. Jonan wa Bwesumbu, anayemtaka binti yangu Sylivia.

Niandike vizuri jambo hili, maana nesi akisoma hataelewa presha imetoka wapi. Watu wa Jonan walikuja nyumbani mwezi wa nne kuposa. Mume wangu alishafariki, kwa hiyo kaka yangu Baluku ndiye aliyewajibu. Akasema harusi itakuwa Septemba, ila kijana awe na kazi ya kueleweka, awe na beji ya mbuga kifuani. Bila beji, wabebe posa yao waende kwingine. Mimi sikumpinga. Ukweli ni kwamba kijana mwenyewe sikumpenda. Mwembamba, anacheka ovyo, na kazi anayoitafuta ni kuonyesha watu mawe.

Lakini nimpende nisimpende, posa imeletwa, yeye ni mkwe. Na kwetu Wakonzo mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Ukimwona anakuja, mmoja wenu anaingia kichakani. Ndiyo heshima. Sasa niambieni, mama mkwe anatembezwaje na mkwe wake siku nzima porini?

Basi nitasema anavyotembezwa. Jonan aliponiona alirudi nyuma kwa haraka, kidogo akalie bampa ya gari. Kisha akageuka akaanza kwenda, na hakugeuka tena. Wenzangu wote walimfuata wakiuliza maswali, na mimi nikabaki nyuma kabisa kwa heshima, nikila vumbi la watu wote. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Nikipumzika, anasimama mbali, amenipa mgongo, anaangalia ndege. Saa sita Mariat akanijia anacheka mpaka mtandio umemwanguka. "Mama Sylivia, mukwe wako anauliza kama iko na kiu."

Nikamjibu, "Mwambie iko."

Jonan akaweka chupa ya maji juu ya jiwe, akakimbia. Nikaenda nikaichukua.

Ziwa lilikuwa zuri. Hilo pia niandike. Pelikani walikuwa wengi majini, na milima ya Kongo ng'ambo ilikuwa imefichwa na moshi wa nyasi zinazochomwa. Nilisimama pale nikasahau kabisa kwamba nina vitenge vya kuuza.

Alhamisi, 19 Juni

Mbali kidogo kuliko wiki jana. Yeye mbele, mimi nyuma. Nilimwomba Afande Drani nihamie kwa Phionah. Akasema, "Mama, nilisema nini?" Nikarudi kwenye mstari wangu.

Alhamisi, 26 Juni

Nyati walilala njiani. Tuliwangoja mpaka walipoamua wenyewe. Presha: nzuri.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nimegundua kitu, na kimenisumbua njia nzima ya kurudi.

Jonan akifika mahali pa kueleza, anaeleza mara mbili. Mara ya kwanza anawaambia wenzangu waliomzunguka, kwa sauti ya kawaida. Halafu anageukia ziwa, anasema yote tena kwa sauti kubwa, kana kwamba viboko ndio wamemuuliza. Nilidhani ni ujinga. Nikasema moyoni, Sylivia mwanangu, umekwenda kuchukua kichaa. Leo Mariat akamuuliza mbona anarudia rudia kama redio mbovu. Akajibu polepole, ila upepo ulikuwa unakuja upande wangu: "Mama iko mbali. Nisiporudia hatasikia."

Kumbe yote hayo alikuwa ananiambia mimi. Kwamba ukingo huu wa ziwa ni majivu ya mlima wa moto yaliyoganda. Kwamba mistari kwenye jiwe ni mlima uliotapika leo, ukapumzika, ukatapika tena. Kwamba Abakali walichongwa na mawimbi na upepo, na mizigo yao ni jiwe gumu lililokataa kuliwa. Nimejifunza vitu vyote hivyo kutoka kwa mgongo wa mtu.

Kijana ana adabu. Nimeandika, basi. Baluku hawezi kusoma.

Ijumaa, 4 Julai

Soko. Nimemwambia mteja mmoja kutoka Hima kwamba kitenge alichoshika kina mistari kama ya mlima wa moto. Ameniangalia vibaya, lakini amenunua.

Alhamisi, 10 Julai

Siku mbaya.

Tulipumzika chini ya mti karibu na shimo kubwa la kreta. Jonan aligawa mihogo ya kuchemsha kwa mkono wake, akampa huyu, akampa yule. Yangu akaiweka kwenye jani, jani akaliweka chini mbali na watu, akaondoka. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kufanya. Angenipa mkononi ningeshtuka hata mimi.

Afande Drani aliona. Akapiga filimbi.

"Wewe kijana! Kazi ya kiongozi ni nini?"

"Kuchunga watu, afande."

"Na ile mama si mutu? Wiki tano naangalia. Wote unashika mukono kwenye mawe, yeye hapana. Wote unapa chakula, yeye unatupia chini kama mbwa. Amekukosea nini?"

Jonan akainamisha kichwa. "Hajakosea, afande."

"Unamuacha nyuma. Nyati ikitoka hapo nyuma itaua nani? Siku ya mutihani nikiona tena hiyo tabia, hakuna beji. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini Jonan alishamwangalia Mariat, na Mariat akanibana mkono. Baadaye akaniambia aliyotumwa: "Anasema usiseme kitu. Afande akijua kuna mutu mumoja hawezi kumukaribia, atasema hii kazi haimufai." Muhogo wangu ulikuwa na sisimizi, nikaula hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Julai

Sylivia amelia jikoni akidhani simsikii. Nilijua analilia nini. Bila beji hakuna harusi, na kinachomnyima beji ni mimi, mama yake mzazi, na miguu yangu. Nimemwambia kesho siendi. Akaniuliza, "Na Abakali yako?" Nikamwambia mawe hayana haraka.

Nilidanganya. Nayataka kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Nimebaki nyumbani. Nimefagia uwanja mara tatu. Nimejisikia kama mgonjwa.

Ijumaa, 18 Julai

Mariat amenikuta kibandani kabla sijafungua vizuri. "Weye umefanya nini? Afande jana aliuliza mama iko wapi. Tukasema hakuja. Akamwambia Jonan: umeona, umemufukuza mama ya watu. Akaandika."

Nikakaa juu ya bunda la vitenge. Nikienda namharibia, nisipoenda namharibia zaidi.

Alhamisi, 24 Julai

Nilikuja na akili mpya. Nikasema, kama tatizo ni kwamba niko nyuma, nitatembea mbele. Nikatoka getini kwa kasi, nikapita wote. Sasa Jonan atanipitaje? Hawezi. Akabaki nyuma ya mstari wote, na kiongozi akawa mimi. Tulifika kwenye njia panda nikachagua kushoto, na wanawake wote wakanifuata. Tukaishia kwenye matope ya viboko.

Afande Drani alivua kofia, akajifuta jasho, akavaa kofia.

Nimecheka usiku wote. Hata Sylivia amecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 31 Julai

Moshi mwingi, milima haionekani. Nimerudi nyuma, mahali pangu. Leo Jonan alitembea polepole makusudi ili nisibaki mbali. Vichwa vya Abakali vilionekana kwa mbali, vyeusi, juu ya ukingo. Nilisimama nikaviangalia mpaka Mariat akarudi kunichukua.

Jumanne, 5 Agosti

Baluku amepita sokoni. Ameuliza kijana wa mawe anaendeleaje. Nimemwambia anaendelea mbele.

Alhamisi, 14 Agosti

Nitaandika yote, maana sitalala.

Leo ulikuwa mtihani. Njia ya mwisho inapita juu ya ubao wa jiwe, ziwa liko chini upande wa kushoto. Kabla tu ya kufika Abakali kuna ufa kwenye jiwe. Si mkubwa, lakini ukiangalia chini unaona maji meusi. Kiongozi anasimama ng'ambo, anampa kila mtu mkono, anavuka. Phionah alishavusha watu wake. Afande Drani alisimama pembeni na kalamu.

Jonan akavusha mmoja mmoja. Akamvusha Mariat, akamwambia asiangalie chini. Wote wakaisha. Nikabaki mimi.

Nilimwona anavyoteseka. Mkono ulianza kunyooka ukarudi. Afande Drani akasema, "Endelea." Jonan akaangalia mkono wake, akaangalia miguu yangu, na heshima aliyolelewa nayo ikamshinda. Akainama kama mtu anayenisalimia, akaanza kurudi nyuma ili anipishe nivuke mwenyewe. Hatua moja, nyingine, na nyingine, kichwa chini. Nyuma yake jiwe lilikuwa limekwisha.

Sikumbuki kuvuka ule ufa. Mariat anasema niliruka kama mbuzi. Ninachokumbuka ni mkanda wa suruali yake mkononi mwangu, nikavuta kwa nguvu zote za kubeba mabunda miaka thelathini. Akaja mzima mzima. Tukaanguka wote, mimi chini na yeye mapajani mwangu.

Mkwe mapajani mwa mama mkwe. Wanawake wa Kikonzo walifunika nyuso kwa vitenge. Mmoja akasema, "Eh Yesu." Jonan akaruka akasimama mbali, hajui ashukuru ama aombe msamaha.

"Sasa munieleze," akasema Afande Drani.

Nikaeleza mimi. Nilikuwa bado nimekaa chini, kiatu kimoja hakipo. Nikamwambia huyu ni mkwe wangu, na kila alichoandika kwamba ni dharau, ilikuwa heshima. Chakula chini, heshima. Kutembea mbali, heshima. Na hata kutaka kuanguka ziwani, heshima hiyo hiyo.

Afande alitazama mguu wangu usio na kiatu. Halafu akasema, "Kwetu Arua pia mama mukwe iko mutu ya kuogopa. Naelewa. Lakini nyati haielewi, na hii shimo haielewi. Mutu ambaye hawezi kumupa mama yake mukono hapa, siwezi kumupa wageni." Akafunga kalamu. "Tarehe ishirini na nane narudia. Mara moja tu. Mumalize mambo ya nyumbani."

Tukageuka. Abakali walikuwa hapo nyuma ya kona, na sikuwaona.

Jumamosi, 16 Agosti

Habari ilifika kwa Baluku kabla ya mimi kuvua kiatu kilichobaki. Leo amekuja na wazee wawili na uso wa msiba. Amesema nimeaibisha ukoo, nimevunja mwiko wa ukwe mbele ya soko zima, na tena kijana hana beji, kwa hiyo posa irudishwe.

Nilimwacha amalize chai. Kisha nikamuuliza, "Kaka, Jonan ni mkwe wangu ama siyo?"

"Bado siyo. Hana kazi."

"Basi hakuna mwiko. Nimevuta mtoto wa watu asianguke ziwani."

Akakohoa. "Mwiko upo. Yule ni mkwe."

"Kama ni mkwe, posa inarudi vipi? Tumalize kama tunavyomaliza kwa mkwe."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka kwenye kikombe. Kwa ukoo wetu, mkwe na mama mkwe wakigusana kwa bahati mbaya, dawa yake ni kuku mmoja, chungu kimoja, na wote wawili wanakula mbele ya wazee. Ukishakula, woga umekwisha, mnaweza hata kushikana mikono. Lakini kuku huyo huliwa na mkwe wa kweli tu. Baluku alijua nimemfikisha wapi. Alikuna kichwa, akasema kuku achinjwe, lakini beji anaidai pale pale. Bila beji hamtoi msichana.

Jonan aliitwa. Alikula kama mtu anayemeza dawa. Mchuzi ulimwagika, bundu, ule ugali wetu wa muhogo, ulimkwama kooni. Mimi nilikula vizuri. Nikamsukumia paja. Akalikubali.

Alhamisi, 21 Agosti

Mawingu yamejaa upande wa Kongo. Mvua ikianza, njia ya ziwani inafungwa. Kila mtu sokoni anaomba mvua kwa ajili ya maharagwe. Mimi naomba isubiri wiki moja, na naona aibu, lakini naomba.

Jumanne, 26 Agosti

Matone machache. Nimeyatukana.

Alhamisi, 28 Agosti

Haikunyesha.

Nilimwona Jonan getini. Alinisalimia, "Wabukire, mama," kwa sauti iliyopasuka, kisha hakujua aweke wapi mikono. Njiani alitembea katikati ya mstari, mara mbele, mara nyuma kwetu. Bado anaeleza mara mbili. Nikamwambia, "Nimeshasikia." Akacheka, na kicheko chake si kibaya kama nilivyokuwa nasema.

Tukafika kwenye ufa. Afande Drani alisimama pale pale na kalamu yake. Mariat akavuka, wenzangu wote wakavuka, na wote wakageuka kuniangalia. Jonan alikuwa ng'ambo. Jasho lilimtoka. Kuku tulikula, ndiyo, lakini miaka yote aliyofundishwa kunikimbia haikumalizwa na kuku mmoja. Niliona magoti yake yanataka kurudi nyuma. Nikasema moyoni, kijana, simama hapo hapo, mtoto wangu yuko nyumbani hajala tangu jana.

Akasimama. Akanyoosha mkono, wote, mpaka vidole.

"Mama, leta mukono."

Ule ufa naweza kuuruka, watu wote pale walinishuhudia nikiuruka. Nikampa mkono. Alinishika kama chungu cha moto, nikamwambia, "Shika vizuri, mimi si yai." Akashika vizuri. Nikavuka.

Nyuma ya kona walikuwa wamesimama, wote watatu, warefu kuliko nyumba, maji yanawapiga miguuni na mizigo yao kichwani. Mama yangu alisema kweli, ni wanawake walionogewa na stori. Wa katikati amegeuza shingo kidogo kwa mwenzake. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, na wenzangu wakaniacha nilie.

"Jonan," akaita Afande Drani. Kijana akasimama wima. "Umepita."

Wanawake wa soko walipiga vigelegele mpaka ndege wote wakatoka kwenye mawe. Mariat alicheza akakaribia bunduki, Afande akamwambia asogee. Nilimtafuta Jonan kwenye zile kelele. Alikuwa amekaa peke yake ukingoni, ameficha uso kwenye magoti, mabega yanatikisika. Sikujua mama mkwe anafanya nini na mkwe anayelia, kwetu hakuna aliyewahi kufika hapo. Nikaenda nikakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Harusi ni tarehe ishirini Septemba," nikamwambia. "Usichelewe."

Akainua kichwa, akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu tujuane. Ana macho mazuri. Sylivia hakunidanganya.